Kompyuta ya michezo imechoka: Je, ni prosesa au ni vumbi?

Mama mmoja wa mjini Machakos ametuandikia akiomba ushauri. Kwa kuwa swali lake linawasumbua wazazi na wanafunzi wengi, leo tutalijibu kwa kirefu.

Anasema mwanawe anayesoma katika Chuo Kikuu cha Machakos amemwomba Sh10,000 anunue prosesa nyingine ya kompyuta ya mezani iliyo pale nyumbani. Kijana anadai kwamba mashine imezeeka na michezo inakwamakwama. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo dadake mdogo anayoitumia kwa kazi za shule, na pesa zenyewe ni zile zilizosalia baada ya karo kulipwa. Mama anauliza kama kweli prosesa ndiyo yenye kasoro au mwanawe anatafuta pesa za matumizi kwa njia ya mkato.

Mama, yamkini kijana anasema kweli. Lakini hata akiwa anasema kweli, si lazima Sh10,000 zote ziishie kwenye prosesa. Kuna mambo mawili ya kuamua kwanza: kama ugonjwa uko kwenye prosesa, na kama madabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao sehemu nyingine zote huchomekwa, itaikubali hiyo prosesa anayoitaka. Ukilijua la pili utaokoa pesa nyingi kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Kwa msomaji asiyejua mambo haya, chukua mfano wa mchezo wa kandanda kwenye skrini. Prosesa ndiyo inayofikiria: kila mchezaji akimbilie wapi, kipa aruke upande gani, mpira udunde vipi. Kadi ya grafiki kazi yake ni kuchora hayo yaliyofikiriwa. Mwenye kufikiria akiwa mzito, mchoraji hukaa bure akingoja. Mchoraji akiwa mzito, hata umletee mwenye kufikiria hodari kutoka mbinguni, picha hazitatoka haraka. Vijana wengi hununua kisichohitajika kwa sababu hawakuuliza ni nani kati ya hawa wawili anayemchelewesha mwenzake.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Mama ametuandikia yaliyo kwenye kibandiko chake: ni Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara, prosesa yake ni Core i3-4130, na kijana ameshaiongezea kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti. Hizi ni zile kompyuta tunazoziita ex-UK, zilizotumika maofisini ng'ambo kisha zikaletwa kwetu. Zimejaa katika miji yetu, na wanafunzi wengi huzipenda kwa kuwa ni imara na bei yake inavumilika.

Kompyuta hizi hazikutengenezwa kwa michezo. Zilitengenezwa kwa karani wa kupiga barua. Lakini zina siri moja nzuri. Kampuni iliyotengeneza ubao wa OptiPlex 9020 iliutayarisha kupokea prosesa ndogo na kubwa za kizazi kimoja. Ofisi nyingi zilinunua ndogo kwa sababu hazikuhitaji zaidi. Kwa hivyo mashine inayotembea na i3 ina nafasi ya i7 ndani yake, na nafasi hiyo haijawahi kutumiwa. Ndiyo sababu ombi la kijana si upuuzi.

Hata hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, fungueni kifuniko. Kiangazi cha Machakos kina vumbi lake, na kompyuta iliyokaa sakafuni miaka mitatu bila kupanguswa huwa na blanketi la vumbi katikati ya feni na chuma cha kupoza. Prosesa ikipata joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mchezaji ataona tu kwamba mchezo ulianza vizuri, kisha baada ya dakika kumi ukaanza kukwama. Huo mara nyingi ni ugonjwa wa joto wala si wa uzee. Dawa yake ni brashi laini ya rangi, kupuliza vumbi ukiwa nje ya nyumba huku feni ukiishikilia isizunguke, na kupaka upya ile dawa ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupoza, maana ikikaa miaka mingi hukauka na kuwa kama chokaa.

Baada ya hapo fanyeni jaribio ambalo hata wewe mama unaweza kulisimamia. Mwambie afungue mchezo unaomsumbua, aondoe kikomo cha idadi ya picha kwa sekunde kama kimewekwa, na acheze dakika kumi. Kisha abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka programu iitwayo Task Manager, na humo kuna sehemu ya kuonyesha kila kiungo kinafanya kazi kwa asilimia ngapi. Kama prosesa imepanda hadi 100 na kadi ya grafiki iko kwenye 50 au 60, kijana ana haki. Kama kadi ya grafiki ndiyo iko 97 au 98 na prosesa inapumua, basi mwambie arudishe mkono mfukoni, kwa sababu prosesa mpya haitabadilisha kitu.

Kuna jaribio la pili la kuthibitisha. Apunguze ukubwa wa picha katika mipangilio ya mchezo, mathalani kutoka 1080 hadi 720. Kazi ya mchoraji imepungua, ya mwenye kufikiria imebaki ile ile. Ikiwa mchezo bado unakwama vile vile, mwenye makosa ni prosesa.

Msisahau kutazama RAM pia. Mashine nyingi za ex-UK huja na kipande kimoja cha gigabaiti 4. Ikiwa kimejaa, kompyuta huanza kuhamishia kazi kwenye diski, na diski ya zamani ya kuzunguka ni polepole mno. Mtu atalaumu prosesa bure. Na ikiwa malalamiko ni kwamba mchezo unachelewa kufunguka tu, lakini ukishafunguka unakwenda vizuri, hilo ni la diski. Nunueni SSD, na hata dada mdogo atafurahi.

Kwa mashine hii ya Machakos, nikiulizwa nikisie, ningesema prosesa ndiyo inayochelewesha. Core i3-4130 ina viini viwili tu vya kufikiria, na ingawa kila kimoja hushika kazi mbili kwa zamu, michezo ya leo imeandikwa kwa kutarajia viini vinne au zaidi. Kasi yake ni gigahazi 3.4 wala haipandi hapo. Core i7-4770, iliyotoka mwaka wa 2013, ina viini vinne vinavyoshika kazi nane, na hupanda hadi gigahazi 3.9. Hapo kijana ataona tofauti kwa macho, si kwa kuhesabu.

Lakini kama wewe msomaji una mashine kama hiyo yenye Core i5-4570, habari ni nyingine. Hiyo tayari ina viini vinne na hupanda hadi 3.6. Kwenda i7 kutakupunguzia mikwaruzo katika michezo mizito michache, basi. Ningekushauri utulie.

Sasa tuje kwenye madabodi, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Ukitazama namba ya prosesa ya Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. 3770 ni kizazi cha tatu, 4770 ni cha nne, 6700 ni cha sita. Kila ubao una soketi yake, na soketi hupewa jina kwa idadi ya visindano vyake. Kizazi cha pili na cha tatu hukaa kwenye soketi ya visindano 1155. Cha nne hukaa kwenye 1150. Tofauti ni visindano vitano tu, lakini haviingiliani kamwe, na anayelazimisha huua ubao. Mtego mbaya zaidi ni wa soketi ya 1151. Kizazi cha sita na cha saba huitumia, na cha nane na cha tisa pia huitumia kwa jina lile lile, ila nyaya zimepangwa kwa namna nyingine. Mtu anayenunua prosesa ya kizazi cha nane kwa ubao wa kizazi cha sita atakuta inaingia vizuri kabisa, na kompyuta haiwaki.

Kwa hivyo mwanao, mama, asiambiwe na yeyote kwamba ataweka kizazi cha nane au cha kumi katika 9020. Mwisho wake ni kizazi cha nne, na juu kabisa ni i7-4770 au i7-4790. Hiyo ya pili ilitoka 2014 na hupanda hadi gigahazi 4.0. Tofauti ya hizi mbili hutaiona kwa jicho, basi nunueni iliyo rahisi. Tena 4790 ilitoka baada ya ubao wenyewe, kwa hivyo mashine ambayo baiosi yake haijawahi kusasishwa huenda isiitambue.

Herufi za mwisho nazo zitazameni vizuri. i7-4770T ni i7 kweli, lakini imepunguzwa nguvu hadi wati 45 na kasi yake ya kuanzia ni gigahazi 2.5 badala ya 3.4. Muuzaji asiye mwaminifu ataiita i7-4770 na kuimeza hiyo T. Kwa upande mwingine, yenye K huuzwa ghali kwa sababu inaweza kuongezwa kasi, ila ubao wa Dell haukutengenezwa kwa kazi hiyo, kwa hivyo mtakuwa mnalipia herufi. Zipo pia Xeon za kizazi hicho, kama E3-1230 v3, ambazo kwa nguvu ni ndugu wa i7 na mara nyingine huwa nafuu. Ubao mwingine huzikubali na mwingine huzikataa, na hiyo haina uwezo wake wenyewe wa kutoa picha, yaani kadi ya grafiki ikiharibika skrini itakuwa nyeusi na dada hatafanya kazi ya shule. Katika nyumba yenye kompyuta moja nisingeichagua.

Je, umeme utatosha? i3 ilikuwa ya wati 54 na i7-4770 ni ya wati 84. Kadi ya GTX 1050 Ti ni ya wati 75. Jumla ya hizo mbili ni 159, na pawa saplai ya mnara wa 9020 ni ya wati 290. Inatosha. Lakini chuma cha kupoza kilichokuja na i3 kikiwa kidogo, joto litawarudisha pale pale mlipoanzia. Ulizeni duka kama lina kile cha i7 kutoka mashine ya Dell iliyokufa.

Kuhusu kununua, pesa za prosesa iliyotumika ya kizazi hiki kwa kawaida hazifiki Sh10,000, kwa hivyo kitabaki kitu. Bei hubadilika kila mwezi, ndiyo maana ninawasihi muulize katika maduka matatu, mkianzia kwa mafundi wa hapo hapo Machakos kabla ya kupanda matatu kwenda Luthuli, Nairobi. Nauli ya kwenda na kurudi, na pengine kurudi tena kubadilisha, ni sehemu ya bei. Fundi wa karibu akiwa ghali kidogo lakini unaweza kumrudia kwa miguu, mimi ningenunua kwake.

Almuradi, kijana asitume pesa kwa simu kwa mtu ambaye hajamwona. Aende na kompyuta yake mwenyewe, prosesa iwekwe mbele ya macho yake, mashine iwake, na jina kamili lisomwe kwenye skrini, herufi ya mwisho ikiwemo. Ajionee pia maandishi yaliyochongwa juu ya prosesa. Yakiwa yamesuguliwa, aiache. Yakisomeka "Intel Confidential", hiyo ni ya majaribio ya kiwandani, haikukusudiwa kuuzwa, aiache pia. Upande wa chini atazame kama pembe ni nzima na kama kuna vipande vidogo vilivyong'oka. Risiti iandikwe namba ya prosesa na siku ambazo anaweza kuirudisha.

Kuna jambo la kufanya kabla ya kuitoa ile ya zamani: kusasisha baiosi, ile programu ndogo ya ndani ya ubao inayoamsha mashine. Faili lake hupatikana bure katika tovuti ya Dell kwa kutumia namba ya mashine. Ni kazi ya dakika chache, ila stima ikikatika katikati yake ubao unaweza kuwa jiwe. Tunakumbuka jinsi karibu nchi nzima ilivyoingia gizani usiku wa Agosti 25, 2023. Basi kazi hii ifanywe kwenye UPS, au kwa fundi mwenye UPS, na isifanywe siku ya mawingu ya mvua.

Kazi ya kubadilisha yenyewe si ya kutisha. Ondoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha. Legeza skrubu za chuma cha kupoza kidogo kidogo kwa kupishanisha pembe, na kikigoma kutoka kizungushe polepole, usikivute. Inua wenzo wa soketi. Prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu pembeni na mikato miwili kando, na hukaa kwa namna moja tu. Ishushe kwa uzito wake bila kuisukuma. Visindano vyote 1150 viko kwenye ubao, vyembamba kuliko unywele, na kimoja kikipinda fundi atakitafuta kwa kioo cha kukuzia siku nzima. Dawa ya joto iwe kiasi cha punje moja ya mbaazi, zile ambazo Wakamba huziita nzuu. Vijana hupenda kupaka kama siagi kwenye mkate. Hakuna faida.

Sasa neno kwa wenye mashine nyingine. Mwenye laptopu asijisumbue, kwa maana prosesa za laptopu za miaka ya karibuni zimechomelewa kwenye ubao. Mwenye kompyuta ya AMD ya soketi ya AM4 ana bahati, kwa kuwa soketi hiyo ilidumu vizazi vingi, na tangu 2022 hata ubao wake wa mwanzo mwingi unaweza kupokea Ryzen 5 5600 yenye viini sita, mradi baiosi isasishwe. Na mwenye Dell au HP ya kizazi cha pili au cha tatu ajue kwamba prosesa hizo hazina aina fulani ya amri za hesabu, iitwayo AVX2, ambayo baadhi ya michezo mipya huidai. Hata akiweka i7-3770, mchezo kama huo utakataa kufunguka.

Mama, kuna jambo ambalo mwanao pengine hakukueleza. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kirasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Hakuna prosesa itakayoingia kwenye 9020 na kutimiza sharti hilo. Kuna michezo pia, Valorant ukiwa mmojawapo, inayodai ulinzi wa TPM 2.0 inapochezwa kwenye Windows 11. Kwa hivyo pesa hizi zinanunua muda wa kuvumilia, labda miaka miwili mitatu ya michezo ya sasa na ya zamani. Hazinunui kompyuta mpya.

Ndiyo maana ninaweka mpaka. Andikeni kwenye karatasi bei ya prosesa, dawa ya joto, chuma cha kupoza, RAM na ufundi. Halafu muulize bei ya ex-UK nzima ya kizazi cha nane yenye Core i5-8500, ambayo ina viini sita na inaikubali Windows 11. Gharama zenu zikizidi nusu ya bei hiyo, msitengeneze. Mwekeeni akiba, auze hii ya sasa, na kadi yake ya grafiki aihamishie kwenye ile mpya, baada ya kuhakikisha kwamba ni ya mnara na si lile kasha jembamba ambalo kadi ndefu haiingii.

Zikiwa chini ya nusu, mpe ruhusa, lakini kwa sharti. Chenji itakayobaki inunue kipande cha pili cha RAM ya DDR3 kinacholingana na kilichopo, maana vipande viwili hupeleka data kwa njia mbili na prosesa hailali njaa. Hiyo itamfaa pia dada anapofungua kurasa nyingi za masomo. Ile i3 ya zamani isitupwe wala kuachwa kwa fundi kama zawadi. Iwekwe kwenye kijisanduku cha plastiki ilichokuja nacho i7, upande wa dhahabu usiguswe, na ikae kabatini hadi siku za risiti ziishe. i7 ikikataa kuwaka ndani ya wiki hiyo, i3 ndiyo itakayowaambia kama kosa ni la prosesa au la ubao, na muuzaji hatakuwa na la kubisha.